Usije Kujifungulia Nyumbani

Mwanangu kipenzi,

Huku tunamshukuru Mungu, na kuku wako wa madoadoa ameangua vifaranga. Ila baba yako alijikata mguu mtoni, na kidonda kinakataa kila sindano. Daktari anasema kiwanda cha betri kinamwaga madini ya sumu majini, na vijidudu vilivyoizoea sumu hiyo hata dawa havizisikii tena. Baba yako akasema, "Vibishi kama wewe, mama watoto!" Nikacheka, ili asiione hofu yangu.

Chumba chako nimeshakipaka chokaa. Lakini mwanangu, usije. Maji ya kumwogeshea mtoto tungeyachota kwenye mto huo huo. Zaa huko huko kwa mumeo. Nitakuja mimi, na mjukuu wangu nitampakata nikishanawa kwa maji yenu.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza.