Nati Tano

Ndia Kuu, Mombasa
4 Machi 1948

Mwanangu mpenzi Jamaldin,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, ila joto hili halinipi usingizi. Natumai nawe huko Nairobi u salama na kazi ya karakana haikuchoshi.

Mwanangu, teksi aliyotuachia marehemu babako imetutia aibu. Jumanne gurudumu la mbele, la kushoto, lilichomoka Makupa, Maalim Zein akiwa ndani. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini mji mzima una habari. Ami yako Badawi amemfukuza Kaingu. Asema dereva hakukaza nati, na gari liuzwe. Mnunuzi yuaja Jumamosi ya tarehe ishirini.

Kaingu alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Bi Mwanaesha, nilizikaza." Miaka tisa ametufanyia kazi, sijamjua kwa uongo. Lakini gurudumu limetoka. Wewe ndiye fundi: nati zaweza kukazwa kisha zikalegea zenyewe?

Mamako,
Mwanaesha

Nairobi
8 Machi 1948

Mama yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako. Mimi sijambo, baridi ya huku nimeizoea.

Zaweza. Mwambie Kaingu afungue nati za magurudumu yaliyosalia, nawe utazame kwa macho yako. Pahali nati inapokalia pawe chuma kitupu. Ukiona rangi imepondeka, hiyo ndiyo sababu: rangi hubonyea na kumeguka, nati ikabaki na nafasi.

Ikiwa hivyo, kwangueni rangi yote, msugue bolti kwa brashi ya waya, msitie mafuta. Upande wa nati uliochongoka uelekee gurudumu. Kila nati ianze kwa vidole, ikikataa, usiilazimishe. Kisha spana, lakini usizifuate kwa mfululizo: kaza moja, ruka moja, mpaka zote tano zikalie sawa. Shusheni jeki, ndipo mkaze kwa nguvu, nguvu ya mkono tu. Anayeikanyaga spana kwa mguu huivuta bolti ikachoka, na siku moja hukatika.

Nisamehe mama, nakufunza kama mwanafunzi wa karakana.

Mwanao,
Jamaldin

Ndia Kuu, Mombasa
13 Machi 1948

Mwanangu Jamaldin,

Salamu nyingi. Sote tu wazima, na barua yako imefika.

Ni rangi. Chini ya kila nati, nyekundu, imepondeka kama nta. Kaingu aliketi pale pale kichochoroni akafunika uso. Nikamwita ami yako, maana ndiye aliyelipeleka gari likapakwe rangi mwezi jana, kwa harusi ya bintiye. Alitazama, akasema, "Shemeji, mimi nilitaka ling'are."

"Limeng'aa," nikamwambia. "Sasa mtake Kaingu radhi."

Alimtaka radhi, kwa sauti ndogo. Hata hivyo ashikilia gari liuzwe: "Nani mji huu atakayelipanda tena?" Nikamwambia nitalipanda mimi, mpaka Malindi kwa shangazi yako Mwanakuu, na nikifika salama, mnunuzi ashike njia yake. Akakubali, kwa kudhani natishia tu.

Tumekwangua rangi, tumenunua nati mpya za lile lililotoka. Zote nimezikaza kwa mkono wangu, Kaingu akinishikia barua yako mbele ya macho. Vidole vyanuka chuma hata baada ya sabuni. Twaondoka Jumatano.

Mamako,
Mwanaesha

Nairobi
16 Machi 1948

Mama yangu,

Naubusu mkono wako. Barua yako nimeipata saa hii na moyo hauna raha. Nilisahau jambo kubwa. Nati zikishafungwa upya, baada ya maili thelathini, arubaini, lazima zikazwe tena, kwani zikishakalia huachia kidogo. Tafadhali usiondoke kabla ya kuisoma hii.

Mwanao,
Jamaldin

Malindi
18 Machi 1948

Mwanangu mpenzi Jamaldin,

Assalaam alaykum. Shangazi yako akusalimu sana. Bado anishika mabega kuhakikisha ni mimi.

Tumefika. Miaka hamsini na mbili sijatoka kisiwani, na jana nimevuka daraja la Nyali nimeketi mbele. Tulipoondoka, watu walijaa Ndia Kuu kututazama, ami yako kati yao. Maalim Zein akafungua mlango wa nyuma, akapanda. Asema ana jamaa Malindi hajawaona miaka mitatu. Hapo watu wakatupisha njia.

Kilifi, tukingoja kivuko, nilimwambia Kaingu alete spana. Akashangaa. "Bi Mwanaesha, si umezikaza juzi?" Nikamwambia kitanda kipya cha kamba hulegea kikishalaliwa siku mbili, na nati sikuona kwa nini ziwe na tabia nyingine. Tukazijaribu zote ishirini. Tatu zilizunguka robo, kisha zikatulia. Madereva wa malori yaliyokuwa nyuma yetu walishuka kutazama, na wawili wakaniomba niwajaribie zao. Nikawajaribia, buibui nimeifunga kiunoni.

Kesho twarudi. Kaingu ashaliosha gari, na Badawi mwenyewe atamwambia mnunuzi kwamba haliuzwi.

Hilo la Kilifi hukuniandikia, mwanangu. Basi leo nakufunza mimi: zikishatembea, zikazwe tena. Waambie na wenzako huko karakana.

Mamako,
Mwanaesha