Sekunde Tisa za Baba kwenye Televisheni

Ephraim, Utah
Machi 14, 2024

Mpendwa mdogo wangu Lorin,

Hamjambo huko Halifax? Mkeo Odile hajambo, na mtoto wenu Maëlle anaendeleaje? Nasikia theluji ya kwenu mwaka huu haikuwa na huruma. Natumaini nyumba ina joto na hakuna anayekohoa. Na wanafunzi wako je, hesabu zinawaingia au bado wanakutoa jasho? Nakuuliza yote kwa pamoja kwa sababu kwa miaka kumi na moja sijakuuliza hata moja.

Sisi huku wazima. Goti la mume wangu Dell linamsumbua, ila mpira wa kikapu ukianza linapona lenyewe. Baba ametimiza miaka themanini na minne. Bado anaamka kabla ya jua na kuvaa buti, ingawa bata mzinga tuliwauza zamani na mabanda yamebaki matupu.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. "Nimeona. Sasa najua." Maneno matatu tu, nami nimeyasoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nimelala. Lorin, ulichokiona si kilichotokea. Mimi nilikuwapo. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo.

Watu wa televisheni walikuja Januari, wanne, pamoja na mtangazaji aitwaye Renata Koss. Walisema wanataka kuwaonyesha Wamormoni wa mji mdogo jinsi walivyo. Askofu Jorgensen alituuliza kanisani kama tuwapokee, na ubishi ukazuka. Unamkumbuka Dada Twyla Anderegg, jirani yetu? Alisimama akasema, "Hawa kila wakija wanatafuta wake wengi na siri. Tuwape nini sisi? Mikate?" Watu wakacheka, lakini wengi waliona hivyo hivyo. Tumezoea kuonyeshwa kama vituko.

Baba ndiye aliyewashangaza watu. Aliinua mkono, akasema watakuja kwake. Mtu asiyependa hata kupigwa picha ya harusi! Sikujua sababu mpaka baadaye.

Walimhoji sebuleni, chini ya picha ya Mama. Mimi nilikaa karibu na mlango ili nisionekane. Renata alimuuliza habari za kanisa, za ujana wake kwenye umisionari Denmark, za maisha bila kahawa, ambayo dini yetu inatukataza. Kisha akamuuliza ana watoto wangapi. "Watano," Baba akasema. Akauliza, "Wote wako kanisani?" Hapo ndipo aliponyamaza akitazama mikono yake, kama ulivyoona. Sekunde tisa, nimezihesabu. Kwenye kipindi, baada ya hapo wakaonyesha hekalu la Manti juu ya kilima na muziki wa huzuni, basi. Yeyote angedhani mzee anamwonea aibu mwanawe.

Lakini baada ya sekunde hizo alisema. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, maana nimeyasikiliza tena mara nyingi:

"Lorin hayumo. Ndiye aliyekaa na mama yake wiki sita za mwisho. Watu wa kanisa walituletea chakula kila siku, Mungu awabariki, lakini aliyemwogesha ni Lorin. Siku ya mazishi akaniambia imani imemtoka, nami nikamwambia pale mlangoni asirudi mpaka imrudie. Sijui nilidhani naongea na nani. Amekaa mbali kwa sababu yangu, si kwa sababu ya Mungu. Kama anatazama, ajue mlango ule mimi ndiye niliyeufunga, na nimekosa."

Yule mpiga picha mwenye tatuu shingoni alifuta macho kwa mkono wa shati. Nami nilitoka nikajifanya natazama mikate kwenye oveni.

Kuanzia siku hiyo Baba alikuwa mtu mwingine. Alikata nywele. Aliwaambia watu dukani tarehe ya kipindi kana kwamba ni harusi. Alikuwa akingoja televisheni ikufikishie maneno aliyoshindwa kukuambia kwa simu. Sasa ndiyo naelewa kwa nini aliinua mkono kanisani.

Jioni ya kipindi tulijaa sebuleni kwake watu kumi na saba, na viazi vya jibini vya kulisha jeshi. Muziki ulipoanza tu, Dada Twyla akasema, "Nani amekufa?" Zikaja zile picha za wazee wa kale wenye ndevu na wake zao wengi. Dell akaguna, "Mimi mmoja ananishinda, wengine ningewaweka wapi?" Nikampiga kiwiko. Watu walikuwa wanacheka, lakini kicheko cha kuumia. Askofu alikuwa amewaeleza saa nzima jinsi jirani anavyomhudumia jirani hapa kwetu. Wakamwonyesha akifunga kamba za viatu.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Watoto wakiimba walipendeza. Na kulikuwa na yule mama wa Provo aliyelihama kanisa, akieleza jinsi ndugu zake walivyoacha kumpigia simu. Sebuleni watu walinung'unika kwamba anatupaka matope. Mimi sikuweza kunung'unika. Yale aliyoyasema ndiyo uliyoniambia wewe jikoni wiki ile ya mazishi, nami nikaendelea kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nisamehe, Lorin. Nilikuwa mkubwa wako na nilikuacha uondoke peke yako.

Ikafika zamu ya Baba, kisha hekalu, kisha matangazo ya sabuni. Twyla alimshika bega tu. Watu walipoondoka na mabakuli yao, Baba akaniambia, "Velda, wamekata."

Ujumbe wako ulipofika kesho yake, nilimwonyesha. Alikwenda kwenye mabanda na hakurudi hadi saa ya chakula.

Nikampigia Renata Koss. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini nikamkuta naye hana raha. Alisema alipigania sehemu ile, wakubwa wake wakamwambia hayo ni mambo ya familia, kipindi kinahusu dini. Nikamwambia, "Mama, kwetu hiyo ndiyo dini yenyewe." Akasema atanitumia mahojiano yote, na akatimiza. Nimeyaweka kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii. Utamwona akisema mwenyewe.

Barua hii niliianza Jumatatu, na jana nikaishia hapo. Leo ni Alhamisi, na mambo yamenipita.

Jana mchana Baba alinikuta naandika. Akauliza barua itachukua siku ngapi. Nikamwambia labda kumi. Akasema, "Nina miaka themanini na minne, siku kumi ni nyingi." Akachukua simu akaingia chumbani na kufunga mlango.

Bila shaka umeshaambiwa kwamba aliyepokea ni Maëlle. Lakini wewe hukuwa huku kumsikia. Mwanzo alikohoa tu. Kisha nikamsikia akieleza jinsi bata mzinga anavyolia, halafu akalia mwenyewe kama bata mzinga, mara tatu, kwa sauti ya kutikisa madirisha! Waliongea dakika arobaini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Wajukuu anao kumi na tisa hapa bondeni, wanamwita kutwa nzima, lakini akasimama jikoni akaniambia kama mtu aliyeletewa habari mpya, "Velda, ananiita babu."

Anasema Maëlle amemwalika mwezi wa tano, kwenye onyesho lake la fidla. Sijui kama mtoto wa miaka tisa ana idhini ya kualika watu. Kama ni mapema mno, niambie mimi, nami nitajua la kumwambia. Ila ujue kwamba ameshaniuliza Halifax mwezi wa tano kuna baridi kiasi gani, na sanduku lake liko wazi kitandani.

Dell anakusalimu, na kaka zetu Thayne na Rulon, na dada yetu Colleen, na Dada Twyla, ambaye anasema mwenye fidla naye aje huku tumnenepeshe. Msalimie sana Odile, ambaye nimechelewa mno kumwita wifi.

Mungu awakalie karibu nyote watatu, nyumbani na njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Velda