Blanketi la Sufu

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mwanangu Vimal ameomba blanketi la sufu tena jioni hii, na sisi wengine tumekaa barazani na nguo nyepesi. Kwanza humjia baridi, kisha homa, kisha pumzi fupi kama ya mtu aliyepanda mlima. Kesho yake hupata nafuu, huenda kazini, na jioni yale yale hurudi. Daktari wa kiwanda cha sukari anakofanya kazi anasema ni mafua. Mafua gani haya yanayopumzika Jumamosi na Jumapili?

Tangu Mei yuko kwenye banda la makapi, yeye na rafiki yake Apenisa. Wanachimba makapi ya miwa ya msimu uliopita, yawashe matanuri kabla ya miwa mipya kukamuliwa. Yamelala humo miezi mingi na kuota ukungu. Akirudi, nguo zake zinanuka kama maji ya miwa yaliyochacha. Nimeagiza azivulie nje.

Jumanne, 7 Juni

Saroj, mke wake, amesema ni jicho baya. Alimzungushia mumewe pilipili kavu kichwani, akazitupa motoni. Moshi ukamkohoza Vimal mpaka akashikilia mwimo wa mlango. Nilimwambia Saroj akome.

"Sawa, Mama," akasema kwa upole. "Lakini ninyi na daktari wenu mmefanya nini?"



Jumamosi, 11 Juni

Apenisa alikuja kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Tangu mlangoni alianza utani wake, akiniita Mwalimu kama kijiji kizima.

"Hodi kwa Mwalimu! Bwana harusi wa blanketi yupo?"

"Nyamaza," akasema Vimal. "Wewe umezaliwa na mapafu ya nyangumi."

"Na wewe ya kuku. Nasema kweli, ndugu yangu, tunachimba rundo moja, vumbi moja. Mbona mimi sina kitu?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Lakini baadaye kikundi cha kisomo, wanaoimba beti za kitabu kitakatifu kwa ngoma, kilikuja kwa mazoezi, na Vimal ndiye msomaji wao tangu baba yake afariki. Alianza vizuri. Katikati ya ubeti pumzi ikakatika. Akajaribu tena — ikakatika pale pale. Watu wote wakawa na kiu kwa wakati mmoja, wakanyanyua bilauri zao ili wasimtazame.

Kama ningekuwa na nguvu ningemtoa katika banda lile kwa kumvuta sikio.

Alhamisi, 16 Juni

Nilimpeleka Vimal hospitali mimi mwenyewe. Leo alikuwapo daktari wa mapafu kutoka mji mkuu, Suva, mwanamke kijana, Litia. Hakumuuliza anakula nini. Alimuuliza anavuta hewa gani. Vimal alipotaja makapi ya zamani, aliweka kalamu chini.

Alieleza polepole. Vumbi la ukungu linaingia ndani kabisa ya mapafu. Wengine halitawadhuru hata wakilivuta maisha yao yote. Mwili wa Vimal umelikataa, na kila unapolikataa mapafu yanavimba. Homa huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana daktari wa kiwanda hakulishuku banda.

"Atapona?" niliuliza.

"Akikaa mbali na vumbi hilo, ndiyo. Picha ya kifua inaonyesha makovu machache yameanza. Kila shambulio linaweza kuongeza mengine, na kovu la pafu halifutiki." Akamgeukia Vimal. "Kaka, sizungumzii kulipunguza. Usilikaribie hata kidogo."



Ijumaa, 17 Juni

Amehamishiwa getini, kwenye mizani ya malori. Wenzake amewaambia kwamba mimi nilimlilia meneja amhamishe.

"Umenitia mdomoni mwa watu," nilimwambia.

"Mama, wakijua ni mapafu, msimu ujao jina langu halitakuwapo kwenye orodha ya ajira. Afadhali wakuseme wewe."

"Hata Apenisa hajui?"

"Apenisa ndiye mwenye mdomo mpana kuliko wote."

Sikupenda. Lakini nilimwachia, maana getini hakuna makapi.

Jumatano, 22 Juni

Wiki nzima hajataka blanketi. Saroj amelifua, tumelianika, nimelifungia sandukuni kwangu. Jana alisoma kurasa mbili barazani bila pumzi kukatika. Saroj anataka kisomo cha shukrani Jumapili. Nimekubali.

Jumapili, 26 Juni

Naandika wageni wakingali uani.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi chini ya turubai palikuwa matope matupu. Nilikuwa jikoni na Saroj, tunakaanga mikate myembamba ya puri, halua iko motoni. Tulisikia vijana wakicheka huko nje, na Apenisa akitoa amri. Nilipotoka, mikeka ilikuwa imetandikwa, pakavu, panabonyea vizuri. Nilimshukuru. Akasema, "Mwalimu, kwa kisomo cha ndugu yangu ningebeba kiwanda kizima."

Vimal alikaa mbele, akafungua kitabu. Sijamsikia akisoma hivyo tangu ujana wake. Saroj alikuwa akilia waziwazi. Vijana wa ngoma wakachangamka, watu wakapiga makofi, wakayumbayumba palepale walipoketi. Ndipo harufu ikanifikia, chini ya ubani. Maji ya miwa yaliyochacha.

Nilinyanyua ukingo wa mkeka. Makapi — ya kahawia, yana unga mweupe wa ukungu. Apenisa na vijana wameyatandaza magunia kwa magunia, na kila kofi lilikuwa likipuliza vumbi kupitia ukindu.

Nilisimama mbele ya watu wote. Nilisema, "Vimal, inuka."

Hakuinuka. Msomaji haachi sura katikati, kila mtu pale anajua, na mimi nilimfundisha hilo. Alinitazama mara moja, akaendelea kuimba. Mzee mmoja akaniambia, "Keti, Mwalimu, unakatiza." Saroj akanivuta mkono. Nikakaa. Nilikaa mpaka sura ikaisha.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamvua shati kama mtoto.

"Hukuisikia harufu?"

"Niliisikia kabla ya kukaa."

"Na ukakaa."

"Mama, amebeba magunia yale mgongoni, tangu kiwandani, kwa ajili yangu. Ningemwambia nini mbele ya watu? Kwamba zawadi yake ni sumu?"

"Ungemwambia tangu wiki iliyopita, faraghani, ukweli."

Akatazama chini. Akaoga, akavaa shati safi, akarudi kwa wageni. Nimemtazama tangu wakati huo kupitia dirisha hili. Amekula halua. Amecheka. Apenisa amemkumbatia begani, anawaambia watu kwamba sauti kama hiyo haijasikika kijijini. Labda mara hii mwili utasamehe. Muda wenyewe haukuwa mrefu.

Jua limeshuka. Uani bado kuna joto, akina mama wanajipepea. Vimal amehamia karibu na moto wa jikoni, amekunja mikono kifuani.

Saroj amesimama mlangoni kwangu. Anauliza ufunguo wa sanduku uko wapi.