Jumapili Niliposhika Sufuria ya Baba Yako

Mwanangu Barnabás,

Sisi wazima, ila baba yako alikuwa hajatamka neno tangu apate kiharusi. Daktari alisema tusubiri. Mimi sikusubiri. Jumapili nilitundika sufuria yake juu ya moto uani, nikapika ule mchuzi wa ng'ombe aliokuwa akitupikia yeye.

Baba yako mdogo Ambrus akanicheka. “Shemeji, hiyo kazi ya wanaume. Utaunguza pilipili ya paprika, tule shubiri.”

“Wewe kaa, ule, unyamaze.”

Vitunguu vilipoiva nikaepua sufuria kwanza, ndipo nikatia paprika, ikang'aa nyekundu. Ambrus alirudia sahani ya pili. Kijiji hiki hakina mpishi kama mamako.

Kisha nikamlisha baba yako. Akatafuna taratibu, akanitazama.

“Haina chumvi,” akasema.

Chumvi ilitosha kabisa, mwanangu. Nikaongeza.

Mama yako akupendaye,
Etelka