Ndoo Moja ya Urea

Gereji, Eneo la Viwanda, Thika

Kwako Mama Nekesa,

Nakusalimu sana, wewe na boma lote hapo Kitale. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mwili uko sawa, lakini roho imechafuka. Nimechukia malori ya siku hizi, nimechukia hata harufu yao.

Unajua mimi ni fundi wa dizeli tangu kabla tuoane. Hakuna injini imewahi kunishinda, nasikiliza tu najua ugonjwa. Sasa haya mapya hayasemi na sikio, yanasema na kompyuta. Kuna msichana hapa anaitwa Njeri, yeye anachomeka kompyuta yake chini ya usukani, inaandika nambari ya kosa. Nilikuwa namcheka.

Juma lililopita lori la tajiri wetu liliwasha taa ya onyo. Dawa ya moshi imekwisha. Haya malori yananyunyiziwa dawa kwa ekzosi ili moshi utoke safi, ikikosa yanakataa kuvuta. Ujinga gani huo! Njeri alikuwa ameenda kazi Ruiru, na mzigo unangoja. Nikauliza dereva, Kioko, "Hiyo dawa ni nini?"

"Mzee, ni urea na maji."

Urea! Si ile mbolea tunaweka kwa mahindi? Nilikuwa na mfuko niliokununulia hapa karibu, sokoni Ngoliba. Nikakoroga ndoo moja na maji ya kisima, nikachuja na kitambaa, nikamimina.

"Mzee, una uhakika?"

Nikamwambia nyamaza, kazi yako ni usukani.

Lori lilifika Ruiru likaanza kutambaa kama mgonjwa. Likavutwa mpaka hapa. Njeri, amesharudi, akachomeka kompyuta: dawa ni mbaya. Nikasema hiyo kompyuta ni mwongo. Hakubishana. Akafungua ile pua ya kunyunyizia dawa, imeziba na kitu cheupe kama chokaa ya ndani ya birika.

"Guka," ndivyo ananiita, yaani babu kwa Kikuyu, "angalia mwenyewe."

Nikanusa. Mama Nekesa, ilikuwa ni harufu ya stoo yetu ya mbolea kabisa.

Tajiri akamrukia Kioko. "Umeniwekea nini wewe? Chukua nguo zako uende!" Kioko ana watoto wadogo wawili. Aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa, hakunitaja. Hapo nilijichukia kuliko lori.

Nikasema, "Mwache. Ni mimi. Nilikoroga na hii mikono."

Nikaongeza kwamba nilichuja vizuri sana. Njeri akacheka mpaka akakaa chini.

Kioko amebaki kazini. Mimi pia, lakini likija lori jipya Njeri anafungua, mimi nashika tochi. Mimi! Tochi!

Salimia dada yangu, na shemeji anayesaga unga, na mwalimu anayekusomea hii barua, mwambie asicheke. Urea iliyobaki nimeituma na basi. Weka yote kwa mahindi. Huko haiwashi taa.

Ni mimi mzee wako,
Baba Nekesa