Sakina, Madaftari Yako Yamefika kwa Nafisa

Sakina, shoga yangu,

Amani ikufikie huko uliko. Leo Jumapili, duka limefungwa, nami nimekaa kwenye meza yako hapa mtaa wa Observatory, ugenini kwetu sote wawili, katika chumba tulichopanga pamoja. Kitanda chako nimeshakitoa. Nilimpa Mama Béni wa chumba cha pili, yule msusi wetu Mkongo. Aliponiona nasitasita mlangoni, nimeshika mto wako, akaniambia, "Dada, wacha kitanda kiende. Weye baki na mutu." Basi kitanda kikaenda, mimi nikabaki na mtu.

Ni mwaka na nusu sasa tangu uondoke. Nina habari ya kukupa, lakini unanijua, sifiki mahali bila kuzunguka kwanza.

Nakumbuka ulivyoingia dukani kwa Mjomba Yusuf pale Fordsburg. Mimi nilikuwa nimeshafanya kazi miaka miwili kule nyuma ya duka, nashona mapazia na mabaibui, na tulikuwa tumeambiwa kwamba mpwa wa tajiri anakuja kutoka Gujarat. Nikasema moyoni, haya, naletewa msimamizi. Ukapita hadi kwenye cherehani yangu, ukasema, "Dada, hebu niazime mkasi wako, huu wangu butu." Kiswahili cha kwetu Tanga! Cha Ngamiani kabisa, na lafudhi yake! Nilidondosha pini zote sakafuni. Kumbe baba yako alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha katani, na kwenu mlikaa Tanga hadi ulipotimiza miaka kumi na saba, ndipo mkarudi India. Siku ile tulikula mchana pamoja, na hatukuacha tena.

Haikupita wiki mbili ukanipa siri yako. Kaunta ya mjomba ilikuwa njia tu. Ulichokitaka ni mtihani wa utumishi wa umma wa India, ule unaofanywa na umati na kuchagua wachache, na historia ya India ndiyo uliyoichukua kuwa somo lako kuu. Ulikuwa ukisoma saa ya chakula, umekaa juu ya majora ya vitambaa, daftari magotini, vidole vimejaa wino.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Hata hivyo ukanitwika kazi. Ulisoma kwa Kiingereza, ukanisimulia kwa Kiswahili, kisha ukanipa daftari na kusema, "Uliza." Nami nikauliza huku nashona. Siku moja nilikuambia utafute mwenzako msomi, mimi nakupotezea muda. Ukanijibu, "Nikiweza kukuelewesha wewe, dada Mwanaidi, bila kukuchosha, msahihishaji hanishindi."

Unakumbuka wale masultani wa Delhi? Koo tano, na kila mara ulikuwa ukizichanganya: Watumwa, Khalji, Tughlaq, Sayyid, Lodi. Nikakutungia wimbo wa kitoto, kila neno na herufi ya kwanza ya ukoo wake: "Wanangu khamsa, tukale samaki leo." Ulicheka hadi Mjomba Yusuf akachungulia kuona kuna nini. Lakini hukuzichanganya tena.

Na yule sultani aliyehamisha makao makuu, akawatoa watu Delhi wakatembee siku nyingi kwenda mji mwingine kusini, na baadaye akawarudisha? Ulinisomea sababu zake, za ulinzi na za utawala, moja baada ya nyingine. Mimi nikakuuliza, "Na masufuria alibeba nani?" Ukachukua kalamu. Kisha ukaandika pembeni mwa ukurasa. Ukaniambia vitabu vyote vinaeleza alichokitaka sultani, na swali langu ndilo la mtu aliyewahi kuhama. Nilijisikia mtu siku ile, Sakina. Sikukwambia, nakwambia leo.

Sasa nifike pale pagumu.

Ulipanda ndege mara mbili kwenda kufanya mtihani, na mara mbili ulianguka kwenye hatua ya kwanza, ile ya kuchagua majibu, ambayo ukikosea wanakunyofoa alama. Mara ya pili ulikosa kidogo sana. Ulirudi umekonda. Umri ulikuwa unakukimbia, nafasi imebaki moja. Nami nikiwa nakunja pazia la mteja, bila hata kukutazama, nikasema, "Acha sasa, Sakina. Umejaribu, inatosha. Si kila mtu amepangiwa."

Siku nne hukunisemesha. Ulinipa salamu, ulinipa chai, maneno mengine yakaisha. Siku ya tano ukaja, ukaweka daftari juu ya cherehani, palepale sindano inapopita, ukasema, "Uliza." Nikauliza. Hatukulizungumza jambo lile tena, na mimi nilidhani muda upo.

Muda haukuwepo. Ulianza na homa, tukasema ni mafua ya baridi ya huku. Siku ya pili hukuweza kugeuza shingo. Tulikupeleka hospitali, na madaktari walihangaika nawe kwa kweli, lakini siku ya tatu asubuhi uliondoka, mimi nimekushika mguu juu ya blanketi. Ilikuwa imebaki miezi miwili ufanye mtihani.

Tulikuosha mimi na Bi Zubeda, mke wa mjomba wako. Nilikuosha taratibu, kama ulivyokuwa ukipenda mambo yaende. Kwenye kidole cha kati palikuwa na doa la wino. Nikalisugua, halikutoka. Bi Zubeda akanishika mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha upole niliache. Nikaliacha. Umekwenda nalo.

Baba yako aliyaona mazishi kwenye simu ya Mjomba Yusuf. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Baada ya wiki chache mjomba alitaka kugawa vitabu vyako. Vitabu nikasema sawa, ila madaftari nikayaomba. Kumi na moja. Nilikuwa nayaweka tu, nayapangusa vumbi. Ndipo Nafisa, mdogo wako, akanipigia simu kutoka kwenu India. Nafisa yule yule uliyesema hapendi historia, anapenda kulala! Kiswahili chake kimeingia kutu, lakini hakijafa. Akasema, "Dada Mwanaidi, nataka kuufanya mtihani wa dada. Nitumie alichoandika."

Niliogopa. Nilijiuliza kama ni nia au ni msiba unamsukuma. Lakini nikampigia picha kurasa zote, moja moja, Jumapili tatu mfululizo. Kiingereza, Kigujarati, Kiswahili, vyote umevichanganya kwenye mstari mmoja, eish, Sakina, ulikuwa unapika pilau humo! Baadaye akaniomba nimuulize kama nilivyokuwa nikikuuliza wewe. Basi ikawa kila siku saa ya chakula, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, nashona na kuuliza. Huko kwao ni jioni, nasikia mama yenu akikaanga kitu.

Na mimi nimekuwa mjuzi bila kutaka. Juzi kulikuja baba mmoja na binti yake kununua kitambaa cha pazia. Binti alikuwa na kazi ya shule, na baba anamweleza kwa kujiamini kwamba Walodi walitangulia, Wakhalji wakafuata. Nikainua kichwa kutoka kwenye cherehani, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, "Samahani bwana, ni kinyume." Akatafuta kwenye simu, akanitazama, akatazama tena simu. "Auntie, umesoma chuo gani?" Nikamwonyesha lile jora la kitambaa ulilokuwa ukikalia. Hakuelewa, lakini binti yake alicheka sana.

Miezi minne iliyopita Nafisa alishindwa kujibu maswali matano mfululizo, akatupa kalamu. Akaniuliza, "Dada naye aliwahi kukata tamaa?" Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ukweli: aliyekata tamaa ni mimi. Nikamweleza nilivyokwambia uache, na zile siku nne. Nilisimamisha cherehani.

Nikamsikia akipekua zile kurasa. Kisha akasema pembeni mwa ukurasa mmoja wa daftari la nane umeandika maneno ya Kigujarati ambayo si historia. Nilikuwa nimeupiga picha ukurasa huo kwa mkono wangu bila kujua umebeba nini. Akanitafsiria: "Leo nimemkasirikia Mwanaidi kwa sababu amesema kile ninachokiogopa. Kesho kutwa nitamrudia. Sina mwingine wa kuniuliza."

Kesho kutwa uliandika, lakini ulikuja siku ya tano. Mkaidi wewe! Nililia pale pale mbele ya wateja, na Mjomba Yusuf, ambaye hajawahi kuniletea hata maji, akaniletea chai na kufunga pazia la nyuma ili nisionekane.

Haya, habari niliyokuahidi ndiyo hii. Nafisa alifanya hatua ya kwanza, ile iliyokuangusha mara mbili, na amepita. Alinipigia mimi kabla ya kumwambia baba yenu, tukapiga kelele kwenye simu kama watoto. Baba yenu akaja kuona kuna nini, akachukua simu, akanisalimia kwa Kiswahili, akamrudishia Nafisa.

Kesho anaanza hatua ya pili, ya kuandika insha, siku kadhaa. Ameniambia kama hatapita hajui atafanya nini, na mimi sikumwambia afanye nini. Akiingia chumba cha mtihani, huku kwetu itakuwa alfajiri. Nitaamka niswali, nikuombee wewe kwanza, halafu yeye.

Nakuaga hapa, mdogo wangu. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nami nakuahidi hili moja, na ulishike: siku matokeo yatakapotoka, nitakuwa karibu na simu. Iite kwa kicheko au iite kwa kilio, nitaipokea kwenye mlio wa kwanza.

Ni mimi dada yako,
Mwanaidi