Kibandiko kwenye Shati

Ndugu yangu, nakuandikia haraka.

Nimetoka hospitali kutolewa damu ya kupimwa. Binti wa maabara pale hubandika majina kwenye vichupa kabla hajachoma sindano, eti kazi iende haraka. Nikaona kichupa changu kina jina la mama mjamzito aliyeitwa kabla yangu na kutoka punde.

Nikasema, "Binti, hicho si changu."

"Babu, macho yameshachoka, waachie vijana kusoma!"

Watu wakacheka. Nami nikanyoosha mkono, damu yangu ikaingia humo humo. Mimi, nikanyamaza!

Sasa navua shati nyumbani, nakuta kibandiko chenye jina langu kimeganda kwenye mkono wa shati. Kumbe niliona sawa!

Kesho mama yule anapasuliwa, aliniambia mwenyewe. Damu ya kumwongezea wataichagua kwa kupima yangu!

Pale foleni alinipisha kiti. "Kaa babu, mimi bado nina nguvu."

Nimeshavaa viatu, narudi hospitali.